Kuandika Barua Rasmi za Kibiashara kwa Kiingereza: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Utalii

Barua ya ofisi ya utalii ni ahadi iliyoandikwa. Ukimwandikia wakala wa Munich kwamba vyumba viwili vipo kuanzia tarehe 14 Julai, naye huwauzia wateja wake vyumba hivyo na kupokea fedha zao. Siku ikifika, familia inashuka kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Maasai Mara ikiwa na karatasi yenye maneno yako. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na sarufi. Kiingereza chenye dosari ndogo husamehewa; usiku uliohesabiwa vibaya hausamehewi.

Mifano mingi hapa inafuata kazi moja: loji ya Maasai Mara inamjibu wakala wa Ulaya aliyeulizia nafasi. Ukiimudu barua hiyo, barua ya hoteli ya Nungwi, ya kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro au ya ofisi ya kukodisha magari mjini Arusha haitakushinda, kwa kuwa mifupa yake ni ileile.

Hatua ya 1: Kusanya mambo yote kabla ya kugusa kompyuta

Chukua karatasi, andika kwa Kiswahili ukipenda: mgeni nani, wako wangapi, wanaingia lini, wanatoka lini, wanalala usiku ngapi, chumba gani, chakula gani, bei gani, kipi hakimo kwenye bei, malipo yafike lini. Jambo lolote likikosa jibu, usianze kuandika. Nenda kamuulize msimamizi wa vyumba au mhasibu. Barua nyingi mbaya za wanafunzi si mbaya kwa Kiingereza chake. Mwandishi alianza kuandika akiwa bado hajui anachokiahidi, akajaza pengo kwa maneno matamu.

Hesabu usiku, usihesabu siku. Anayeingia tarehe 14 na kutoka tarehe 17 analala usiku tatu, ingawa yupo nawe sehemu ya siku nne. Kwenye barua andika vyote: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na idadi ya usiku. Ongeza na jina la siku ya juma. Ukiandika "Tuesday 14 July 2026", mtu aliyekosea tarehe atagundua haraka kwamba Jumanne yake na tarehe yake havilingani. Hiyo ni kinga isiyogharimu kitu.

Aina ya chumba ndipo wengi wanapoteleza. Mgeni akisema anataka chumba cha watu wawili, hajakuambia kama ni kitanda kimoja au viwili. Katika Kiingereza cha hoteli, "double" ni kitanda kimoja kikubwa na "twin" ni vitanda viwili vidogo. Maharusi waliopewa "twin", na wafanyakazi wenza wawili waliopewa "double", wote watakuja mapokezi usiku wakiwa wamekasirika. Kama ombi halikutaja, uliza, usikisie.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Dereva akikwambia anawachukua wageni saa mbili asubuhi, kwenye barua hiyo ni 08:00, wala si 2:00. Tumia mfumo wa saa 24 ili asubuhi na jioni zisichanganyikane. Jambo likiwa na mwisho wa muda kwa mtu aliye nchi nyingine, taja saa ni ya wapi: "17:00 Kenyan time, GMT+3".

Hatua ya 2: Panga ukurasa

Shuleni wengi tulifundishwa kuweka anwani ya mwandishi juu kulia, kila mstari ukiingia ndani kidogo na kuishia na koma. Ofisini mtindo huo umeachwa. Kila kitu kinaanzia ukingo wa kushoto, aya haziingizwi ndani, na kati ya aya moja na nyingine unaruka mstari mmoja. Herufi za ukubwa wa 11 na pambizo za sentimita 2.5 zinatosha. Jitahidi barua iishie ukurasa mmoja. Masharti marefu yawe kiambatanisho.

Mpangilio kutoka juu kwenda chini ni huu: kichwa cha barua cha kampuni, namba ya kumbukumbu, tarehe, jina na cheo na anwani ya unayemwandikia, salamu, mada ya barua, mwili, maneno ya kufunga, nafasi ya sahihi ya mistari minne au mitano, jina lako na cheo chako, viambatanisho, na mwisho orodha ya wanaopelekewa nakala. Ukitumia karatasi yenye kichwa cha kampuni, usirudie anwani ya kampuni chini yake. S.L.P. inakuwa "P.O. Box", na namba ya simu ianze na +254 au +255, ile sifuri ya mbele ikiondolewa, kwa kuwa anayepiga akiwa Ulaya hataipata kwa kuanza na sifuri.

Namba ya kumbukumbu wanafunzi huiona ni urembo. Mali bila daftari huisha bila habari, na ofisi yenye maombi mia kwa wiki bila namba hupoteza wageni. Wakala akipiga simu miezi minne baadaye, namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha faili lake ndani ya nusu dakika.

Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi: 3 February 2026. Ukiandika 03/02/2026, Mwingereza atasoma tarehe 3 Februari na Mmarekani atasoma tarehe 2 Machi, na wote wawili watakuwa sahihi kwa desturi ya kwao.

Hatua ya 3: Salamu na maneno ya kufunga huenda pamoja

Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofundishwa vyuo vyetu vingi, kanuni ni moja. Ukianza na "Dear Sir or Madam", unafunga na "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, "Dear Ms Keller", unafunga na "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu. Wamarekani huandika "Sincerely" peke yake na kuweka nukta pacha baada ya salamu. Ukiwaandikia kwa mtindo wa Uingereza hawatakasirika, mradi usichanganye mitindo miwili katika barua moja.

Sasa kosa linalotutambulisha Waafrika Mashariki papo hapo: "Dear Mr John". Kwetu ni heshima kusema Bwana John, Mama Asha, Mwalimu Juma. Kwa Kiingereza "Mr", "Mrs" na "Ms" hukaa na jina la ukoo. Kama anaitwa John Carter, ni "Dear Mr Carter". Kwa mwanamke tumia "Ms" isipokuwa yeye mwenyewe amejiita "Mrs". Haikuhusu kama ameolewa. Mwenye shahada ya uzamivu au daktari ni "Dr", hasa kwa Wajerumani ambao huizingatia sana. Usipojua kama ni mwanamume au mwanamke, andika majina yote mawili bila cheo: "Dear Robin Carter". Kwa wageni kutoka China, kumbuka kwamba kwa desturi yao jina la ukoo hutangulia. Angalia jinsi mtu alivyosaini kabla ya kuchagua.

Na utafute jina. "Dear Sir or Madam" ni ya pale ambapo umetazama tovuti yao na barua pepe zao zote ukakosa.

Hatua ya 4: Mada na aya ya kwanza

Mada hukaa baada ya salamu, kwa herufi nzito. Desturi ya kuanza na "RE:" kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini bado ipo katika ofisi nyingi za serikali zetu, wala si kosa, lakini kwenye biashara unaweza kuiacha. Kilicho muhimu ni mada kubeba jina la mgeni, idadi na tarehe. "Booking" peke yake haimsaidii mtu. "Provisional booking: Brandt family, 4 adults, 14–17 July 2026" inamwezesha msomaji kujua faili gani alifungue kabla hajasoma mwili.

Aya ya kwanza iwe ya sentensi moja au mbili: shukuru kwa barua yake, itaje kwa tarehe, kisha ingia kwenye jambo. Sisi tumelelewa kusalimiana kwanza, kuulizana za nyumbani na za kazi, ndipo shida isemwe. Ni malezi mema, lakini msomaji wa Hamburg mwenye barua 80 za kujibu asubuhi hiyo anatafuta jibu tu. Heshima utamwonyesha kwa kumjibu kwa ukamilifu. Kwa hiyo acha aya za "I hope this letter finds you in good health together with your family", na acha kabisa "I humbly beg to inform you".

Hatua ya 5: Mwili wa barua

Mfano kamili huu hapa. Usome mara moja, kisha tutaurudia sehemu kwa sehemu.

> Our ref: RES/0714/26
>
> 3 February 2026
>
> Ms A Keller
> Reservations Manager
> *jina la kampuni na anwani yake*
>
> Dear Ms Keller
>
> Provisional booking: Brandt family, 4 adults, 14–17 July 2026
>
> Thank you for your email of 2 February asking about rooms for the Brandt family. We are pleased to hold the following for you until 17:00 Kenyan time, GMT+3, on Tuesday 10 February 2026:
>
> Arrival: Tuesday 14 July 2026
> Departure: Friday 17 July 2026
> Nights: 3
> Rooms: 1 double and 1 twin
> Meal plan: full board
> Rate: USD 310.00 net per person sharing per night
> Total: USD 3,720.00 for 4 adults
>
> The rate includes accommodation, three meals a day and transfers between the airstrip and the lodge. It does not include drinks, game drives or the Maasai Mara reserve fee, which is currently USD 200 per non-resident adult per day from July to December.
>
> To confirm the booking, please send us proof of payment of the 30% deposit, USD 1,116.00, by 10 February. The balance of USD 2,604.00 is due by Friday 29 May 2026. Our cancellation terms are enclosed.
>
> If you would like us to book flights from Wilson Airport, please tell us when you confirm, as seats in July fill early. The luggage limit on these flights is 15 kg per person, in soft bags.
>
> We look forward to welcoming the Brandt family to the Mara.
>
> Yours sincerely
>
> *sahihi*
>
> *jina lako*
> Reservations Officer
>
> Enc: Pro forma invoice, cancellation terms

Neno "hold" halimaanishi "confirm". Kushikilia nafasi kuna mwisho wake, kuthibitisha hakuna. Mwanafunzi anayeandika "we confirm" kabla ya malipo ya awali ameifunga loji mikono, na vyumba vitakaa wazi Julai endapo wakala atanyamaza. Katika barua ya kushikilia, tarehe ya mwisho ni lazima.

Bei ina vipande vinne na kila kimoja kina kazi. "Net" ina maana kwamba kamisheni ya wakala haimo, yeye ataongeza yake juu. "Per person sharing" ni kwa mtu mmoja anayelala na mwenziwe. Aliye peke yake chumbani hulipa nyongeza. "Per night" ni kwa usiku. "USD" inaondoa shaka, kwa sababu alama ya dola hutumika pia Kanada na Australia. Ukiacha kipande chochote, bei hiyohiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Andika na senti hata kama ni sifuri: Wajerumani hutumia nukta kutenga maelfu na koma kutenga senti, kinyume cha sisi, na "3,720.00" haiwachanganyi.

Kwa walioko Tanzania: kanuni za mwaka 2025 zinazuia kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kabla ya kuandika bei kwa dola, muulize mhasibu wa kampuni kanuni hizo zinaigusa vipi barua yako.

Usiandike "park fees not included" ukaachia hapo. Tangu Julai 2024 mtu mzima asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku Maasai Mara kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Familia yetu ya watu wanne kwa siku tatu za Julai italipa dola 2,400, karibu theluthi mbili ya bei ya vyumba vyote. Jambo kubwa kiasi hicho likifichwa katika maneno manne, mgeni ataona ametapeliwa hata kama hukukusudia. Ada hizi hubadilika, kwa hiyo zikague kwenye chanzo rasmi kila unapoandika, na uweke neno "currently".

Tarehe ya malipo ya mwisho nayo ina hesabu yake. Tuseme kanuni ya loji ni siku 45 kabla ya kuingia. Siku 45 kabla ya 14 Julai 2026 ni 30 Mei, nayo ni Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida benki za Ulaya hazitumi fedha nje. Ndiyo maana barua inasema Ijumaa tarehe 29. Kamwe usimwandikie mtu "45 days before arrival" ukamwachia hesabu. Utamkuta amehesabu vingine.

Mstari wa mizigo umewekwa mapema makusudi. Ndege ndogo za kwenda mbugani hupokea kilo 15 kwa mtu, kwa kawaida pamoja na begi la mkononi, na masanduku magumu hayaingii vizuri kwenye sehemu ya mizigo. Mgeni akilijua hilo Februari atanunua begi laini. Akilijua akiwa Wilson, ataacha sanduku lake Nairobi na hasira ataibeba.

Unachokiahidi kwa maneno ya sifa

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wawe waangalifu kupita kiasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi linamfanya muuzaji wa safari awajibike kwa huduma zilizotajwa kwenye mkataba, na maelezo aliyompa msafiri kabla huwa sehemu ya mkataba huo. Wakala hunakili maneno yako kama yalivyo. Ukiandika "sea view" na chumba kinatazama bustani, yeye ndiye atakayerudisha fedha, kisha atakudai wewe.

Wanyama ni vivyo hivyo. Usiandike "you will see the Big Five" wala "you will watch the river crossing". Andika unachokijua: "The herds are usually in the Mara between July and October, but their movement depends on the rains." Sentensi hiyo ni ya kweli, inavutia, na haimfungi mtu kwa tabia ya nyumbu.

Makosa ya lugha yanayojirudia

Kosa la hatari kuliko yote ni kuchanganya "until" na "by". Kwa Kiswahili tunasema tutashikilia chumba hadi tarehe 10, na pia lipa hadi tarehe 10. Kwa Kiingereza, linaloendelea mpaka siku hiyo ni "until": "We will hold the rooms until 10 February." Linalotakiwa likamilike siku hiyo au kabla ni "by": "Please pay by 10 February." "Please pay until 10 February" humfanya msomaji ajiulize kama analipa kidogokidogo.

La pili ni "he" na "she". Kiswahili hakitengi, na mkono unaozoea kuandika haraka huandika "he" kwa kila mtu. Bibi Brandt akiitwa "he" mara tatu kwenye barua, ataona hukumjali. Ukimaliza barua, pitia "he", "his" na "him" moja moja ukiuliza: huyu ni nani?

Maneno kadhaa hayana wingi kwa Kiingereza: "information", "luggage", "equipment", "advice", "transport". Hakuna "informations" wala "luggages". Ukihitaji idadi, sema "two pieces of luggage".

Baada ya "look forward to" kitenzi huchukua -ing: "We look forward to hearing from you", si "to hear". Ukieleza kazi ya dereva, usiandike "will pick you at the airport". Ni "will pick you up", au bora zaidi "will meet you", ukieleza ni wapi na ameshika nini mkononi. Tunasema "reply to your email", si "reply your email". "Discuss the itinerary", si "discuss about". Na vifupisho kama "we'll" na "don't" viandikwe kamili.

Kuhusu adabu: "You must pay" inasikika kama amri ya askari. "Payment is due by Friday 29 May" inasema lilelile bila kumnyooshea mtu kidole. "Please" inatosha, "kindly" mara moja si mbaya, lakini "kindly" nne katika aya moja zinachosha. "Do the needful" iache. Ukilazimika kukataa, kataa katika sentensi ya kwanza na utoe njia nyingine katika sentensi hiyohiyo au inayofuata: "We regret that we are fully booked from 14 to 17 July. We can offer the same rooms from 18 to 21 July at the same rate." Kuzungukazunguka ili kumstahi mtu kunamfanya apoteze siku ambayo angetafuta nafasi kwingine.

Barua ya kujibu malalamiko

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo asiitume bila meneja kuisoma. Tuma kwanza mistari miwili ndani ya siku moja kusema umeipokea na lini atajibiwa, kisha fanya uchunguzi. Soma daftari la zamu, ongea na fundi, ongea na mapokezi. Usiandike jibu kwa kusikia upande mmoja.

Barua yenyewe ianze kwa kulitaja lalamiko waziwazi. "We are sorry to learn that there was no hot water in your room on 15 and 16 July" inaonyesha umesoma. "We are sorry for any inconvenience caused" inaonyesha umenakili. Kisha eleza ulichokikuta kwa sentensi chache: "Our engineer found that the heating element in the boiler serving your room had failed. It was replaced on 17 July." Usimtaje mfanyakazi kwa jina, wala usimtupie lawama, kampuni ndiyo inayoandika. Halafu sema unatoa nini, kwa kiasi na kwa namna kitakavyolipwa: "We would like to refund USD 120.00, which we will send through your agent by 7 August 2026." Kiasi hicho kiwe kimeidhinishwa na meneja kabla ya kuandikwa.

Pana tofauti kubwa kati ya kusikitika na kukubali makosa kisheria. Kama mgeni ameumia au kitu chake kimeibiwa, usiandike "It was our fault". Eleza masikitiko, sema jambo linachunguzwa, na mpelekee meneja faili, kwa kuwa kampuni ya bima itataka kuiona kila sentensi uliyoiandika.

Na ikiwa mgeni amekosea, usibishane. Mpe kumbukumbu: "Our records show that the room was changed at your request at 19:30 on 14 July." Tarehe na saa zinatosha.

Barua mbili fupi

Kukumbusha malipo: aya tatu, kwa upole unaopungua kidogo kila unaporudia. Taja namba ya ankara, kiasi, tarehe iliyopita, na kitakachotokea wasipolipa. Weka siku zote sentensi ya kuwalinda wote: "If you have already sent this payment, please ignore this letter."

Kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo: taja chuo, kozi na mwaka wako, tarehe kamili za kuanza na kumaliza, idara unayoitaka, na kitu kimoja unachoweza kufanya kuanzia siku ya kwanza, mathalani kuzungumza Kijerumani cha mwanzo au kutumia programu fulani ya uhifadhi wa vyumba. Ambatisha barua ya chuo. Usiombe "any position". Meneja hana idara iitwayo hivyo.

Hatua ya mwisho: Kukagua na kutuma

Mpe mwenzako barua, wewe ushike ombi la asili. Asome kila tarehe, idadi na kiasi kwa sauti, nawe ulinganishe. Piga hesabu upya kwa kikokotoo: 310 mara 4 mara 3 ni 3,720, asilimia 30 ni 1,116, inayobaki ni 2,604. Kagua kama kila kilichoandikwa "enclosed" kimeambatishwa kweli.

Ihifadhi kama PDF yenye jina linaloeleweka, kwa mfano "RES-0714-26 Brandt.pdf", na kwenye mwili wa barua pepe weka mistari miwili au mitatu tu ya muhtasari. Barua pepe nayo iwe na mada ileile ya barua.

Kisha tazama orodha ya wanaopokea, kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Barua yenye bei ya "net" ikimfikia mgeni kwa bahati mbaya, ataijua kamisheni ya wakala wake, na wakala huyo huenda asikuletee mgeni tena. Hutokea unapobofya kujibu wote huku mgeni akiwa amewekwa kwenye nakala na mtu mwingine siku tatu nyuma. Futa orodha nzima, andika anwani upya.

Namba ya akaunti ya benki ikae kwenye ankara ya PDF pekee, isiwe ndani ya barua pepe. Matapeli huingilia mazungumzo ya barua pepe, wakabadilisha akaunti, na mteja akalipa kwa mwizi. Chini ya ankara weka: "Our bank details do not change by email. Please call us on the number above before making your first payment." Wakala akipiga simu kuuliza, msomee akaunti tarakimu kwa tarakimu, kisha andika kwenye faili saa aliyopiga na jina la aliyepokea.